Nukta Chini ya O: Maisha ya Mama Abiona Fagbamila wa Idọsi (1951–2022)

Marehemu Mama Abiona Fagbamila hakuzaliwa nyumbani wala hospitalini. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, ndani ya lori la kakao, katika maili ya kumi na moja ya barabara itokayo Idọsi kwenda hospitali ya wamisheni. Ndiyo maana akaitwa Abiona, yaani aliyezaliwa njiani. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ezekiel Ogunremi, mkulima wa kakao, na marehemu Mama Rebeka, muuza vitambaa. Zama zile mji haukuwa na kliniki ya uzazi, na Abiona walijaa hapa Idọsi. Mama yeyote akimwita wake aje kula, walikuja watoto sita, na wote walikula.

Alisoma shule ya msingi papa hapa kuanzia mwaka 1957, kisha Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Monika, alikomaliza mwaka 1969. Walimu walimsifu kwa mwandiko na kumlaumu kwa ubishi. Darasa la tatu alichapwa kwa kusahau nukta. Sote tunajua kwamba katika lugha yetu o yenye nukta chini hutamkwa kinywa kikiwa wazi, na isiyo na nukta hutamkwa kinywa kikiwa kimebana. Mji wetu, Idọsi, una nukta. Idosi, mji wa wavuvi kule mtoni, mwisho mwingine wa jimbo, hauna. Mtoto alilia, akaapa kwamba nukta ile haitamtoroka tena. Ilimtoroka mara moja tu.

Baada ya kusomea upigaji chapa Ibadan, aliajiriwa tarehe 1 Juni 1976 katika idara ya bajeti ya serikali ya jimbo. Aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda mpira. Kila Julai waraka ulikwenda kwa wizara zote kuziambia ziandike mahitaji yao. Septemba ziliomba bila haya, Oktoba idara ya bajeti ilizikata bila huruma, Novemba gavana aliyapeleka makadirio bungeni, na Desemba waheshimiwa walivutana mashati hadi kitabu cha bajeti kikapita. Mama alisema hajawahi kuona watu wazima wakiombana hivyo nje ya kanisa.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na marehemu Mwalimu Olujimi Fagbamila, mwalimu wa hisabati, ambaye alilalamika maisha yake yote kwamba harusi ilipangwa Desemba na bibi harusi alifika kanisani na wino vidoleni. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Bamitale.

Desemba ya 1981 mheshimiwa wa eneo letu alipigania kliniki ya uzazi ya Idọsi kwa wiki tatu. Mwishoni aliipata kwa kuachia ukuta wa uwanja wa michezo, na watu wa mpira hawakumsamehe. Mashine za chapa za ofisi zilitoka ng'ambo, hazikuwa na nukta ya chini, kwa hiyo Abiona alizitia kwa kalamu baada ya kupiga kila ukurasa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa afya. Bosi wake alisimama mlangoni akipiga makofi kumharakisha, kwa kuwa gari la bunge lilikuwa linanguruma uani. Aliutoa ukurasa mashineni, akaukabidhi kama ulivyo.

Mkandarasi alisoma Idosi, akaenda Idosi. Kosa lilipogunduliwa msingi ulikuwa umeshachimbwa, na wavuvi wamecheza ngoma siku mbili wakiisifu serikali. Bosi alimwambia Abiona afunge mdomo, naye akaufunga kwa aibu. Tarehe 9 Oktoba 1982 mdogo wake, Dorcas, alishikwa na uchungu, akapakiwa garini, akajifungua mtoto wa kike maili ile ile ya kumi na moja. Mama na mtoto walipona kwa shida. Mtoto aliitwa Abiona pia. Dorcas alikuwa ameshasikia mtaani kwamba dada yake aliiuza kliniki ya mji ili apandishwe cheo, na tangu siku hiyo hakusema naye neno. Walikutana misibani, wakasalimiana kupitia watoto.

Wanajeshi waliposhika nchi hakukuwa na bunge wala mvutano. Bajeti ilisomwa redioni na afisa, ikawa imetoka. Mama hakuipenda miaka hiyo. Aliendelea kupanda cheo, hadi mwaka 2000, bunge likiwa limerudi, akawa Mkurugenzi wa Bajeti, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Alikuwa na kalamu nyekundu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiazima, na kila nakala ya makadirio ilipitiwa nukta kwa nukta kabla ya kwenda bungeni. Vijana wa ofisi walimwita Mama Nukta, wakidhani hajui.

Akiwa na cheo hicho, ndugu walimjia. "Mama Bamitale, si uichomeke tu hiyo kliniki? Nani ataona?" Aliwajibu, "Nikiichomeka kimya, atakayekuja baada yangu ataichomoa kimya. Nendeni mkaiombe mbele za watu." Wakaenda. Wanawake wa Idọsi waliisema kwenye mkutano wa hadhara, wizara ya afya ikaiandika, na mnamo Desemba 2001 ikafika mbele ya kamati ya bajeti ya bunge. Wanawake walikodi basi kuja kusikiliza. Dorcas alikaa nyuma kabisa.

Mwenyekiti wa kamati alifungua kitabu cha zamani cha mijadala ya bunge. "Idọsi tena? Nyie hamshibi? Imeandikwa hapa, mwaka themanini na mbili mlijengewa kliniki."

"Kliniki ipi? Labda ya panya!" Sauti ilikuwa ya Dorcas.

"Kitabu hakisemi uongo, mama. Fungu hili nalifuta."

Abiona alikuwa ameketi kando ya kamishna wa afya. Desturi ni kwamba mkurugenzi hasemi mpaka aulizwe. Alisimama.

"Mheshimiwa, kliniki ile ilijengwa Idosi. Nukta haikutiwa. Karatasi ile niliipiga mimi, na kosa ni langu."

Kamishna alimvuta nguo. "Kaa chini, Mama. Utapoteza kazi."

"Nimekaa miaka ishirini, bwana kamishna. Inatosha."

Kisha mheshimiwa wa Idosi akanyoosha mkono. "Mimi nasema mapema, sisi haturudishi kitu!" Hata mwenyekiti alicheka. Fungu lilibaki, na ili lipate nafasi kamati ikaondoa mazulia mapya ya nyumba ya wageni ya gavana. Watu wa gavana waligomba wiki nzima, mwishowe wakakubali mazulia ya vyumba vya mbele tu. Bajeti ilitiwa saini tarehe 28 Desemba. Mama alipewa barua ya onyo, akaiwekea fremu.

Siku ile ya kamati Dorcas alimsubiri kwenye ngazi.

"Nukta? Miaka yote hii nimekununia kwa ajili ya nukta?"

"Ndiyo, Dorcas."

"Si ungesema, wewe mwanamke!"

"Niliona haya."

Dorcas alimzaba kofi la begani, kisha akamkumbatia, na wote wawili wakalia mbele ya walinzi wa bunge bila kujali. Basi la Idọsi lilichelewa kuondoka kwa sababu yao.

Kliniki ilifunguliwa tarehe 16 Agosti 2003. Kila Krismasi Mama alimwuliza muuguzi, "Abiona wangapi mwaka huu?" Akijibiwa hakuna, ndipo alipokubali kula viazi vikuu vya kutwanga. Alistaafu mwaka 2011. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Aliuguzwa Ibadan, akasahihisha magazeti kitandani kwa kalamu yake, na tarehe 3 Novemba 2022, saa tatu asubuhi, alituacha. Pengo lake ni kubwa na hatutajifanya kuwa si kubwa.

Mama ameacha watoto watatu, Bamitale, Yejide na Olusoji, wajukuu saba, mdogo wake Dorcas, na mpwa wake anayewasomea maneno haya, ambaye naye ni Abiona wa barabara ile.

Mchapaji wa mjini alituletea ratiba hii ya mazishi juzi, imeandikwa kwamba Mama Abiona Fagbamila atazikwa Idosi. Wazee wa Idosi, waliokuja na mabasi mawili, wamesema wao hawaoni kosa lolote. Lakini Mama Dorcas aliiomba kalamu nyekundu ya dada yake, akaketi na nakala zote mia sita, asimruhusu mtu kumsaidia. Nukta unayoiona kwenye nakala yako ni ya mkono wake. Dada yake na apumzike kwa amani hapa Idọsi.