Mzee Punguza na Rimu Zangu za Inchi Kumi na Tisa

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi bado inazibishania, fundi wetu mkuu wa matairi anavua ovaroli tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Sisi wa karakana tunamjua kama Mzee Punguza. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu, na nashuku aliyenipa alikuwa anacheka, maana katika kampuni nzima hakuna aliyemlalamikia mzee huyu kwa maandishi mara nyingi kama mimi, mkuu wa mauzo ya rimu.

Alianza kama fundi pancha, akiwa na pampu ya mguu na beseni la maji. Akapanda hadi kwenye mashine ya balansi, ile ya kusawazisha magurudumu, kisha akawa fundi mkuu, na wengi wa mafundi mnaowaona leo wamepita mikononi mwake. Hugonga tairi kwa kisigino cha kiatu akakwambia limepungua upepo kiasi gani. Tumemhakiki mara nyingi kwa kipimo cha upepo, na kila alipotofautiana nacho, kilichopelekwa kutengenezwa ni kipimo. Mwaka mmoja kampuni ilimpeleka kwenye mafunzo ya wiki nzima ya kumridhisha mteja. Alirudi na cheti cha karatasi ngumu, akakitazama, akakikata kwa mkasi kikawa kigezo cha kupimia nafasi kati ya breki na rimu. Nadhani hakuna cheti cha mafunzo yale kilichowahi kufanya kazi zaidi ya hicho.

Sasa jina. Wateja wa magari ya spoti huingia kwa mlango wa mbele, kwangu, penye taa na rimu zinazong'aa ukutani. Mteja akishachagua rimu za inchi ishirini, na mimi nimeshashika kalamu, mzee anatokea nyuma akijifuta mikono kwa tambara na kumuuliza swali moja tu: ukienda nyumbani kwako, lami inaishia wapi? Mteja akisitasita, kazi imekwisha. “Punguza rimu, ongeza mpira,” anamwambia. Gurudumu zima linabaki na urefu uleule, anaeleza, ila chuma kinakuwa kidogo na ubavu wa tairi unakuwa mrefu, hivyo shimo linakutana na upepo kabla ya kukutana na chuma, na kabla ya kukutana na kiuno chako. Aliyekuja kununua inchi ishirini anaondoka na kumi na saba, tena anashukuru. Niliuandikia uongozi barua tatu nikipendekeza mzee ahamishiwe stoo, akazishauri spea kwa utulivu. Uongozi, kwa busara zake, ukaihamisha meza yangu ikawa karibu na yake.

Mimi ni mtu anayekula anachouza. Nilinunua gari la spoti lenye rimu za inchi kumi na tisa na matairi yenye ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Majirani walitoka nje kila nilipofika, nami nikadhani wanaliona gari, kumbe walilisikia. Ndani ya miezi minane nilipinda rimu mbili na kupasua moja. Nilizinyoosha kwa siri mzee akiwa chakula cha mchana, kwa mikono ya wanafunzi wake walioniapia kwamba hatajua. Alijua siku ileile. Hakusema neno, na kwa kumjua kwangu, ule ulikuwa upole wa ajabu.

Kisha baba yangu akapasuliwa nyonga. Daktari alitaka apelekwe mazoezi hospitalini kila Alhamisi kwa miezi mitatu, la sivyo mguu utakakamaa na hatatembea tena bila kushikwa. Nikajitolea kumpeleka na gari langu, mtoto mwema. Safari ya kwanza alishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili na kumtaja Mungu kila shimo. Safari ya pili alinitaja mimi. Wiki ya tatu alitangaza kwamba amepona. Wiki ya nne alisema hospitali ikimhitaji inajua anapokaa. Mama alisema ni ukaidi wa ukoo wao, nami nikakubali kwa kichwa, nikisahau kuwa ukoo huo ni wangu pia. Mtaalamu wa mazoezi akapiga simu: nyonga imeanza kukaza. Niliogopa, na kwa sababu niliogopa, nilikaa ofisini nikiwasema wazee na visirani vyao. Mzee Punguza alikuwa anakunywa chai pembeni yangu. Hakuniuliza habari za baba. Aliniomba ufunguo wa gari.

Kwa bidii iliyopitiliza, alianza na rimu za inchi kumi na sita. Gari la spoti lina breki pana za mbele, na rimu ikakwama juu ya breki, gurudumu likagoma kuzunguka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akishindwa na chuma. Nilicheka peke yangu karibu dakika nzima. Yeye akachukua kile kigezo chake, akapima alichopaswa kupima mwanzo, akafunga inchi kumi na saba. Nafasi iliyobaki ilitosha kidole kidogo. Akachagua matairi marefu kiasi cha kurudisha gurudumu kwenye urefu wake wa awali, mshale wa kasi usije ukadanganya. Gari likaonekana kama bwana harusi aliyevaa mabuti. Wiki nzima nililiegesha nyuma ya stoo, na mteja mmoja aliponiuliza, nilimwambia ni la binamu yangu.

Lakini baba hakutaka hata kuliona. Ndipo mzee akaomba ruhusa ya nusu siku, ya kwanza katika miaka thelathini na minne, tukaenda wote. Alimwamkia baba, akakataa kiti. “Mzee wangu,” akamwambia, “mimi nakaa nyuma. Ukiumia, sema tu. Tunashuka wote wawili tunarudi kwa miguu, huyu atatufuata na gari lake.” Baba alimtazama, akanitazama mimi, akaomba mkongojo wake.

Niliendesha jasho likinitoka. Tukaliingia shimo la kwanza, la pili, kisha ule mtaro ulionipasulia rimu. Kimya. Nikageuka kwa hofu. Mikono ya baba ilikuwa mapajani, kichwa kimelalia dirisha, amesinzia mdomo wazi. Nilitaka kusema kitu, sijui nini, macho yakiwa yameniloa. Kwenye kioo nikamwona Mzee Punguza ameweka kidole midomoni, yaani ninyamaze, mgonjwa amelala.

Mzee wetu, kwa niaba ya karakana, asante kwa mikono yako. Kwa niaba ya idara ya mauzo, kapumzike salama, wala usifanye haraka kurudi kututembelea. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kutoamka alfajiri. Baba yangu naye ametuma salamu, ameniambia nizisome kama zilivyo: kustaafu ni kazini tu, Alhamisi saa nne kiti cha nyuma kinakusubiri.