Karatasi Namba Saba

Rula: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Paza sauti, huku kuna msumeno.

Mwalimu: Haloo. Ni fundi wa modeli za majengo?

Rula: Huyo huyo. Shule, zahanati, ghorofa, hata banda la mbwa nakukatia. Wewe mwaka wa ngapi? Unawasilisha lini? Usiniambie kesho—

Mwalimu: Mimi si mwanafunzi, Rula.

Rula: Hebu subiri. Shemeji, zima huo msumeno! Zima kwanza! ... Jina hilo mara ya mwisho nililisikia chuoni, studio ya kuchorea. Wewe nani?

Mwalimu: Ni mimi. Pacha.

Rula: Pacha! Weee! Pacha wa mwandiko mmoja! Leo umepotea njia?

Mwalimu: Hujambo, Rula?

Rula: Sijambo, nimezeeka tu. Miaka kumi na moja, mama, hata salamu ya kukosea namba! Wanafunzi wako wamejaa hapa kwangu. Wanakuogopa kama sindano, unajua? "Mwalimu wa studio atatuua, fundi, paka gundi vizuri."

Mwalimu: Wananisingizia.

Rula: Nikawa nawaambia, huyo? Huyo nimekula naye mkate mkavu chini ya meza ya kuchorea. Hawaamini. Nikaona basi, siku moja atapita mwenyewe na wataona.

Mwalimu: Barabara hiyo... sipiti sana.

Rula: Si ndiyo njia ya chuoni?

Mwalimu: Nazungukia nyuma. [mkwaruzo kwenye laini] Rula, nina dakika chache, na salio langu si kubwa. Nimepiga kwa ajili ya krediti zako za chuo.

Rula: Zipi tena? Hizo si zilishaoza?

Mwalimu: Hazijaoza. Zitaoza leo. Mtaala unabadilika, unaingia mpya. Mimi nimepewa kupitia mafaili ya watu ambao hawakumaliza. Kamati inakaa saa nne hii, inafunga orodha. Asiyekuwemo, krediti zake za zamani zinafutwa zote, akitaka kusoma aanze mwaka wa kwanza na watoto.

Rula: Ahaa. Na mimi nimo kwenye mafaili hayo.

Mwalimu: Umo. Shahada ni krediti mia na themanini. Wewe una mia na ishirini na sita, Rula. Miundo umefaulu, vifaa vya ujenzi umefaulu, historia umefaulu. Umebakiza studio ya mwaka wa nne, kumi na nane, na mwaka wa tano, thelathini na sita. Basi. Baadaye mafunzo kazini miaka miwili, mtihani wa bodi, unapata muhuri wako wa msanifu majengo.

Rula: Unavyohesabu utadhani unasoma bei za viazi.

Mwalimu: Niandike jina lako? Sema tu ndiyo. Nipo hapa kwenye korido ya idara, fomu ninayo mkononi. Utarudia studio ile moja—

Rula: Pacha—

Mwalimu: —na mimi nitakuwa hapo, sitakuacha—

Rula: Pacha, nisikilize. Asante. Kwa moyo mmoja, asante. Lakini hapana.

Mwalimu: Kwa nini hapana? Kama ni muda, kuna ratiba ya jioni.

Rula: Siyo muda.

Mwalimu: Kama ni mama watoto—

Rula: Mama watoto angenifungia begi leo leo. Siyo yeye. Wewe ulikuwepo siku ile ya kutetea kazi, unaniuliza nini?

Mwalimu: [mkwaruzo]

Rula: Bado upo?

Mwalimu: Nipo.

Rula: Karatasi namba saba. Ngazi ya mashariki ya ile zahanati tuliyochora wawili. Yule mzee mtahini wa nje akachukua kale kamtu ka kadibodi kwenye modeli, akakalaza juu ya mchoro, akakapandisha ngazi taratibu. Moja, mbili, tatu... kichwa kikaingia ndani ya bimu ya zege. Akauliza, "Huyu mgonjwa atapanda na kichwa, au atakiacha mapokezi?" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka!

Mwalimu: Nakumbuka.

Rula: Akauliza nani kachora. Nikaangalia kona ya karatasi: herufi za jina langu. Nikasema mimi.

Mwalimu: Ulisema haraka.

Rula: Ningesema nini? Zilikuwa zangu! Na kila mmoja alipimwa kwa karatasi zenye herufi zake. Kufeli siyo tatizo, watu wanafeli, wanarudia. Kilichonitoa pale ni kwamba sikukumbuka kuichora. Kabisa. Mimi kichwani mwangu nilichora ngazi kuu, karatasi namba nane. Natazama ya nane, ina herufi zako. Nikasema hee, kumbe! Kumbe nimechora kitu cha kumpasua mtu kichwa na sina hata habari.

Mwalimu: Ulikuwa hujalala siku tatu.

Rula: Na wewe pia hukulala. Mbona ya kwako ilisimama? Hapana, Pacha. Daktari akisahau mkasi tumboni mwa mtu, halafu aseme hata kushika mkasi sikumbuki, utampa mwanao ampasue?

Mwalimu: Lakini wewe unakata modeli kila siku, mkono wako—

Rula: Kuta nakata. Paa nakata. Ngazi anakata shemeji. Waulize wanafunzi wako. Nilipojenga kwangu fundi akaniambia, bosi, msingi huu unabeba ghorofa, weka watoto juu. Nikakataa. Mke wangu anadhani ni ubahili. [anacheka] Muache adhani hivyo. Kwa hiyo kazi ya kupewa muhuri nipitishe nyumba za watu, hapana. Andika "hataki." Haya, salimia—

Mwalimu: Usikate!

Rula: Sikati, mbona unapiga kelele?

Mwalimu: Rula... mimi nilidhani ulijua.

Rula: Nijue nini?

Mwalimu: Miaka yote hii. Nilidhani ulijua ukaamua kuninyamazia. Nilikuwa najiambia, Rula ana moyo mkubwa, amenifichia. Ndiyo maana nikaweza kula na kulala. Siku nyingine hata nilikuwa... nakushukuru. Peke yangu.

Rula: Sielewi unasema nini. Mtandao au mimi?

Mwalimu: Ya saba nilichora mimi.

Rula: Ya saba? Ngazi ya mashariki?

Mwalimu: Asubuhi ile ulishuka kuleta modeli. Nikawa napitia karatasi mara ya mwisho, nikapima pale chini ya bimu. Nikaona. Mita moja na nusu tu, mtu mzima hapiti. Na kuchora upya haiwezekani, yule mzee alishapaki gari. Nikachukua wembe.

Rula: Wembe.

Mwalimu: Ule wa kukwangulia wino. Nikakwangua herufi zangu kwenye ya saba, nikaandika zako. Nikakwangua zako kwenye ya nane—

Rula: Ukaandika zako.

Mwalimu: Ndiyo.

Rula: [mkwaruzo]

Mwalimu: Mwandiko wetu ulikuwa mmoja, nani angejua? Rula? Sema kitu. Nitukane.

Rula: Subiri, nakaa chini.

Mwalimu: Nilikuwa nimeshaanguka miundo mwaka ule. Ningeanguka na studio, nafukuzwa moja kwa moja. Wewe ulikuwa huna deni la somo lolote, wewe ungerudia tu, mwaka mmoja ukapita. Nikapiga hesabu, nikasema heri nusu shari. Nilisema utarudia, Rula! Nilijua utarudia!

Rula: Sikurudia.

Mwalimu: Hukurudia.

Rula: Ulikuja kunisaidia kubeba godoro siku naondoka bwenini.

Mwalimu: Nilikuja kukuambia.

Rula: Ukabeba godoro.

Mwalimu: Nikabeba godoro. Nikasema tukifika kwenye lango nitakuambia. Kwenye lango ukaniambia, "Pacha, wewe angalau maliza, uchore kwa niaba yetu." Ulimi ukawa jiwe. Baada ya hapo kila mwaka nasema mwaka huu. Naona aibu hata kusema pole, Rula, ni neno dogo mno. Lakini pole. Nisamehe.

Rula: Kikulacho ki nguoni mwako. Bibi alikuwa anaimba hilo kila siku, mimi nikidhani anasema chawa.

Mwalimu: Nastahili kuambiwa hivyo.

Rula: Usiniambie unastahili nini! Mimi niliacha kuiamini mikono yangu, mwalimu! Hii, hii miwili! Naamka naangalia kama nimefunga gesi mara tatu. Mtoto nikimfunga mkanda namwambia mama yake arudie kuangalia. Kwa sababu mimi ni mtu wa kufanya kitu asikumbuke. Miaka kumi na moja! Kumbe nilikuwa nakumbuka vizuri!

Mwalimu: [analia]

Rula: Usilie. Usinililie kwenye simu, sina mkono wa kukubembeleza.

Mwalimu: Nimenyamaza.

Rula: Na leo ulitaka nirudie. Studio ileile. Kwa kosa lako. Na ungekuwa mwalimu wangu!

Mwalimu: Nilitaka nikurudishe bila... bila kusema.

Rula: Kimyakimya.

Mwalimu: Ndiyo. Mpaka uliposema hutaki. [mkwaruzo] Sikiliza, salio linalia. Kuna fomu nyingine. Ya kurekebisha matokeo. Krediti kumi na nane zinarudi kwako bila kurudia chochote, unaingia mwaka wa tano moja kwa moja. Inataka maelezo ya shahidi, na karatasi zenyewe. Karatasi zilikuwa masijala, nilizitoa nikidhani nitathubutu kusema, ninazo hapa. Ukiziinua kwenye mwanga panaonekana palipokwanguliwa.

Rula: Na shahidi?

Mwalimu: Mimi. Naandika sasa hivi, nimeegemea ukuta.

Rula: Watakufanya nini?

Mwalimu: Sijui. Shahada yangu imekaa juu ya karatasi namba nane. Kazi hii pia. Watakachofanya na wafanye.

Rula: Usiandike ukidhani nitakusamehe.

Mwalimu: Sidhani.

Rula: Maana sijakusamehe. Nataka uelewe. Labda nitakusamehe uzeeni, labda sitakusamehe, na nikikuona barabarani leo sijui nitafanya nini.

Mwalimu: Nimeelewa. Orodha niandike unarudi?

Rula: Sijui kama narudi! Umenipigia nikiwa fundi modeli, dakika kumi baadaye unaniuliza kama mimi ni msanifu majengo. Ngoja nipumue!

Mwalimu: Mlango wa kamati umefunguliwa, Rula. Wanaingia.

Rula: Saa ngapi?

Mwalimu: Saa nne kasoro tatu.

Rula: Andika jina langu. Kurudi ni shauri langu na mke wangu, lakini jina liwemo.

Mwalimu: Nimeandika. Namba ya usajili ninayo kichwani, sijawahi kuisahau. Wananiita, baki salama, nitakutumia—

Rula: Subiri! Ya nane.

Mwalimu: Nini?

Rula: Ngazi kuu. Ya nane ni yangu.

Mwalimu: Ni yako. Kila mstari.

Rula: Walisemaje? Mimi baada ya ile ya saba nilitoka nje, nikakaa kwenye ndoo ya rangi mpaka mkamaliza. Sijui walisema nini.

Mwalimu: Walikupa... walinipa themanini na nane. Yule mzee aliandika pembeni kwa penseli. Bado panasomeka.

Rula: Soma.

Mwalimu: [mlio wa salio] Rula, inakata—

Rula: Soma haraka!

Mwalimu: "Aliyechora ngazi hii amefikiria goti la mgonjwa na mkono wa mtu anayemshika. Sijaona bora zaidi mwaka huu. Huyu asiache."

Rula: Soma tena.

Mwalimu: "Aliyechora ngazi hii amefikiria goti la mgonjwa na mkono—" [simu inakatika]

Rula: Haloo? Mkono wa nani? ... Haloo! Pacha! Malizia!