Velma Mideva, Aliyeitwa Dorka

Wapendwa mlioketi hapa sebuleni kwa Bi Mwatima, Jeddah, nanyi mnaotusikiliza kwa simu chini ya hema nyumbani Chavakali, huyu tunayemsindikiza ni Velma Mideva, mtoto wa pili wa Mzee Ephraim Lugonzo na mama Roselyne Kageha, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1989, alfajiri ya mvua, na mama yake husema hakulia, alitazama tu paa kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Alianza masomo ya msingi Chavakali mwaka 1995, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007, na karibu kila ripoti aliyoleta nyumbani iliandikwa kwamba ana akili lakini anaota mchana. Mwaka 2009 alienda Nairobi kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja Kariobangi, tarehe 20 Agosti 2011 akafunga ndoa na Bwana Dancan, na tarehe 2 Septemba 2012 wakajaliwa binti, Rosebellah.

Mwezi wa Mei 2014 alipeleka magauni aliyoyashona kwa watu waliokuwa wakirekodi mchezo wa televisheni ulioitwa Ghorofa ya Tatu, mchezo mkali wa wanawake wanaouza miili yao katika lojing'i za mjini, mwigizaji mmoja akakosa kufika, mwelekezi akamtazama Velma, akamwambia avae gauni lake mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyokuwa Dorka, mmoja wa wanawake hao, kwa vipindi ishirini na sita. Aliigiza vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Sokoni wakamwita Dorka, kwaya ikamwondoa safu ya mbele halafu ikamwondoa kabisa, mama mkwe akakataa kupokea chai mkononi mwake, na Bwana Dancan, aliyekuwa akimsubiri nje ya studio kila jioni na kujua fika kwamba yale yalikuwa maigizo, naye akachoka kuchekwa, wakaachana Februari 2016. Ndivyo tulivyo, jamani, mtu akiigiza daktari hatumpelekei mgonjwa, akiigiza malaya tunamfukuza kanisani.

Tarehe 9 Januari 2017 alifika Riyadh kufanya kazi za ndani, nyumba ya madam mmoja wa mtaa wa Al-Suwaidi, na mimi Maryann, binamu yake, nilikuwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Alinieleza kwamba baada ya adhuhuri nyumba nzima inapolala, mapazia yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kikivuma, yeye hupiga pasi kanzu nyeupe moja baada ya nyingine mpaka asijue kama yuko macho, akaona chumba kimejaa maji matulivu na kanzu zikielea, na hakuogopa, alisema palikuwa pazuri.

Ijumaa moja ya mwaka 2018, tukiwa Batha tunatuma pesa nyumbani, dada mmoja alimshika mkono akamwita Dorka. Dada huyo ni Zipporah, aliyekuwa amemtoroka kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, baada ya kupigwa, hana ikama, kile kibali cha kuishi nchini, wala pasipoti, akiishi mtaa wa Manfuha kwenye chumba cha wanawake sita, na akifanya kweli ile kazi ambayo Velma aliifanya mbele ya kamera tu. Alidhani amempata mkubwa wake, mtu aliyepita njia ile akatoka salama. Velma alifungua kinywa kukana, mimi nilikuwa pale, nikamwona akikifunga, halafu akamuuliza kama amekula.

Tangu siku hiyo, saa zile za nyumba kulala, simu yake ilijaa sauti za wanawake wa Manfuha, wakimweleza homa zao, woga wao na watoto waliowaacha nyumbani, naye akiwajibu huku pasi ikitoa mvuke, mara nyingi kwa maneno ya Dorka, kwa sababu, alivyosema, yake mwenyewe hayakutosha. Baadaye aliwaambia ukweli kwamba aliigiza tu, wakacheka sana, wakaendelea kumpigia. Mwaka 2021 Zipporah alipougua, Velma aliomba ruhusa kwa madam, akazunguka na Zipporah kutafuta karatasi za safari mpaka dada huyo akapanda ndege kurudi Kenya.

Mwaka 2022 madam alihamia Jeddah naye Velma akaja, nami nikafuata mwaka mmoja baadaye, na Ijumaa zetu zikawa hapa kwa Bi Mwatima, ambaye babu yake alitoka Unguja mwaka 1964. Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2024, akalazwa mara tatu, na siku za mwisho alikuwa kati ya usingizi na macho, akitabasamu na watu tusiowaona, hadi alipotutoka Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Baba Lugonzo, karatasi hii ya wasifu uliyonitumia nisome ina sentensi hapa, kwamba marehemu hakuwahi kujuana wala kuketi na wanawake wa aina ile. Najua umeiandika kwa ajili ya Rosebellah, anayechekwa shuleni, na moyo wako naujua. Lakini Velma aliniomba hospitalini nisimsafishe kwa kuwachafua wengine, kwa hiyo nisamehe, sentensi hiyo siisomi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madam aliyetia sahihi karatasi zote bila kutusumbua, Bi Mwatima na majirani, wafanyakazi wenzake, na dada wanne waliotoka Manfuha, kule Riyadh, kwa barabara bila ikama, wakijua wanaweza kukamatwa kwenye kituo chochote cha ukaguzi, ili waketi hapa mbele yangu leo. Tunamshukuru pia yule mama wa leso ya kijani anayewapikia hapo nyumbani Chavakali tangu Alhamisi, uliyemsifu kwenye simu, Baba, ukasema hujui ametumwa na kanisa gani. Hakutumwa. Ni Zipporah, na asubuhi hii ameniambia nimtaje.

Rosebellah, nenda jikoni ukae naye, atakueleza mama yako alikuwa nani.

Nawe Mideva, kazi imeisha, pumzika sasa, na amani ikutunze.