Daktari Insaf Tadros na Bakteria Aliyemchukua Mina

Baba Padri, ndugu, majirani, nanyi mliosafiri tangu alfajiri kutoka Asyut na Kairo, kwa niaba ya familia ya mwalimu Labib Gayid tunawasomea maisha ya mama yetu.

Marehemu Daktari Insaf Tadros Bekhit alizaliwa Mallawi tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tadros, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, na mama Dimyana, akasoma hapo hapo hadi alipoingia chuo cha udaktari Asyut mwaka 1968, akahitimu mwaka 1975, kisha akaajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya watoto hapa Minya, ambako alibaki mpaka alipostaafu.

Tarehe 7 Oktoba 1979 alifunga ndoa na mwalimu Labib katika kanisa hili, wakajaliwa Mina, Irini na Bishoi, ingawa Mina wengi wenu hamkumwona, kwa kuwa alianza kuhara Julai 1981, akiwa bado ananyonya, akakauka maji mwilini akafariki kabla mama yake hajaamini kwamba anaumwa sana.

Insaf mwenyewe ndiye aliyepima choo cha mwanawe, akakuta bakteria wa kawaida wa tumboni, na mkuu wake wa maabara akamwambia kwa upole, "Huyo kila mtoto anaye, dada yangu. Kubali, ni mapenzi ya Mungu."

"Mapenzi ya Mungu nayakubali," Insaf akajibu. "Huyu bakteria ndiye simkubali."

Akamhifadhi kwenye barafu, akawa anampeleka Asyut kwa treni kila alipopata ruhusa, na baada ya miaka mitatu yeye na wenzake wakaona kwamba bakteria yule alikuwa amebeba plasmidi, yaani pete ndogo ya vinasaba iliyo kando na vinasaba vyake vingine, na kwamba pete hiyo ndiyo iliyomwezesha kujishikiza kwenye utumbo na kutengeneza sumu inayokamua maji ya mtoto, maana alipoipoteza akawa mpole kama wenzake, na bakteria mpole alipoipokea kutoka kwake, naye akaanza kutoa sumu.

Siku alipomweleza mumewe, mwalimu Labib aliacha kula.

"Kwa hiyo walikuwa wamekaa tumboni mwa watu kwa amani, mmoja akampa mwenzake kisu?"

"Ndivyo, Abu Mina. Na anaweza kumpa mwingine tena."

Mwalimu alisukuma sahani ya maharage ya ful, akatoka kibarazani.

Mwaka 1991 watoto wachanga walianza kufa kwa kuhara katika wodi moja ya hospitali ile, na kwa kuwa bakteria wao walikuwa wa koo mbalimbali, yaani hawakutoka kwa mzazi mmoja, mkurugenzi aliona huo si ugonjwa mmoja unaoambukizana bali ni uchafu tu, akamsimamisha kazi Sista Inayat aliyekuwa akiandaa maziwa, lakini Insaf alipopima alikuta koo zote zimebeba plasmidi ile ile, ambayo safari hii ilibeba pia usugu wa dawa, hivyo dawa iliyokuwa ikigawiwa kwa kila mtoto anayehara ilikuwa ikiwaua bakteria wapole na kuwaachia nafasi wenye sumu.

"Mama amekuja na mtoto anahara," mkurugenzi alimwuliza, "unataka nimpe maji ya chumvi na sukari bila dawa, nimwambie aende?"

"Mpe hayo maji, na usimwambie aende. Akae, amnyweshe mbele yetu."

"Wazazi watatupiga, Insaf."

"Watupige."

Baba mmoja alimtemea mate mlangoni, Insaf akafuta uso, akarudi ndani, wodi ikafungwa ikasafishwa, watoto wakatenganishwa, dawa ikasimamishwa, vifo vikapungua mpaka vikakoma, na Sista Inayat, aliyeketi hapa mbele leo, akarudishwa kazini bila kuombwa radhi na mtu yeyote isipokuwa Insaf, ambaye hakuwa amemkosea.

Tungependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo, lakini dawa zile zilirudi polepole, akaja mkurugenzi mwingine, akaelezwa upya, akaja mwingine tena, na hata baada ya kustaafu mwaka 2011 mama aliendelea kuzunguka maduka ya dawa akibishana na wauzaji, mpaka wakawa wanamwekea kiti wakimwona anakuja, naye akirudi nyumbani alikuwa akivua viatu na kuomba chai.

Septemba 2022 alifanyiwa upasuaji wa mawe ya figo, bakteria wakaingia kwenye damu, dawa ya kwanza ikashindwa, na ya pili, na Daktari Wagdi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alipoleta majibu alisimama tu mlangoni.

"Ni plasmidi, siyo?" mama akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Umesimama tangu asubuhi, mwanangu. Kaa kwanza."

Alifariki tarehe 3 Oktoba, mikononi mwa Irini.

Tunawashukuru Daktari Wagdi na wauguzi wote, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao wametuahidi kwamba Jumatatu wataonana na mkurugenzi wa sasa kuhusu dawa zile zile.

Mama, safari hii wanakwenda wao. Wewe pumzika.