Mashamba Matatu ya Kila Ijumaa

Baada ya miaka ishirini na saba katika chumba cha kumbukumbu cha Muungano wa Wakulima wa Miwa wa Mwilunya, Bi Hadijah Makokha anastaafu tarehe 30 Juni 1999.

Aliajiriwa mwaka 1972 akitokea Matungu, kazi yake ikiwa kupanga kadi: kila shamba na kadi yake, siku lilipopandwa na zamu yake ya kuvunwa. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1986, wenzake wawili waliomba uhamisho. Yeye aliomba kitabu cha maelekezo, akakisoma chote akiwa na kamusi mapajani. Wasiomjua walimwogopa. Waliomjua walimwogopa zaidi, hasa wakiingia chumba cha mashine na kikombe cha chai.

Mwaka 1996 tulipata kabati la diski sita. Kompyuta iliziona zote kama diski moja kubwa, na habari za kila shamba ziligawanywa humo vipande vipande, ili diski moja ikifa, zilizobaki ziweze kuijaza mpya. Kasi yake ilitupumbaza. Tuliambiwa kabati hilo halifi, nasi tukaamini. Bi Hadijah peke yake aliendelea na tepu, mikanda ya sumaku ya kuhifadhia nakala. Kila Ijumaa kabla ya swala alinakili kila kitu, kisha akaisoma tepu hiyo kwenye mashine ya zamani, akachagua mashamba matatu yoyote na kuyalinganisha na madaftari ya wakaguzi. Tepu isiyojaribiwa, kwake, ilikuwa plastiki tu. Makarani walinung'unika kwamba anaipunguza mashine kasi, na meneja wetu, Bwana Oduor, akamwomba afanye hivyo mara moja kwa mwezi. Alimsikiliza kwa heshima, kisha akaanza kufika kazini saa kumi na mbili asubuhi kila Ijumaa, kabla makarani hawajafika.

Jumatatu moja ya Machi 1998, mchana, mashine ilionyesha kwamba diski namba tatu imekufa. Fundi aliyekuwa peke yake chumbani alihesabu moja, mbili, tatu, akachomoa. Mashine ile huanza kuhesabu na sifuri. Aliyoichomoa ilikuwa nzima, na kwa kukosa diski mbili kabati zima likanyamaza. Aliirudisha haraka, lakini haikutambuliwa tena. Zamu za mashamba elfu nne zilikuwa zimepotea, na matrekta yalikuwa yakingoja orodha ya wiki. Muwa uliopitiliza hukaukia shambani, na mkulima hungoja karibu miaka miwili kupata mwingine. Fundi yule ni mimi, Khisa, ninayeandika haya. Nilikuwa na miezi mitano kazini.

Bi Hadijah hakunigombeza. Alifungua sanduku lake la chuma, akatoa tepu ya Ijumaa. Kufikia Jumanne adhuhuri mashamba yote yalikuwa yamerudi, na yaliyoingizwa baada ya tepu ile tuliyaandika upya kutoka kwenye karatasi za makarani. Meneja alipokuja kutaka jina la mkosaji, Bi Hadijah alisimama mbele yangu.

"Huyu alikosea kuhesabu," alisema. "Lakini kubandika namba ilikuwa kazi yangu, na ni mimi nilikuwa namwachanga peke yake."

Kesho yake diski zote sita zilikuwa na lebo za mwandiko wake, kuanzia sifuri. Zingalipo.

Siku hizi hakuna karani anayelalamikia kasi, na Ijumaa iliyopita, swala ikikaribia, aliniambia nifanye ukaguzi mimi. Alikaa nyuma yangu, buibui tayari amevaa. Alichagua shamba la Butali, likalingana na daftari. Akachagua la Lubao, nalo likalingana. Nilipogeuka kumwuliza la tatu, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshakwenda msikitini. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuondoka kabla ya la tatu. Nililichagua mwenyewe.

Bi Hadijah, tunakushukuru kwa tepu, kwa lebo, na mimi kwa siku ile uliposimama. Mola akujalie afya na miaka mingi ya utulivu kule Matungu. La tatu lilikuwa sawa.