Sweta la Mashine ya Hewa

Julai, baridi ikiwa kali hapa Coyhaique, moshi wa kuni hulala mjini kama mgeni asiyeaga. Ndani ya basi, jirani yangu Bi Eduvina alikuwa akifuma sweta lenye pembe nne. Mzee asiyemjua akauliza, "Mama, huyo mjukuu ana umbo gani?"

"La mashine ya kuchuja hewa, mzee wangu. Miaka arobaini namwambia mume wangu kuni zake mbichi zitammaliza kifua, hasikii. Mashine imewasha taa nyekundu ya hewa chafu mara moja tu, kaenda mwenyewe kutafuta kuni kavu."

"Inastahili sweta. Ila ukiivika hivyo, itavutaje hewa?"

Sindano zikasimama. Basi nalo likasimama.

"Nitaiachia pua," akasema, akashuka.