Wadudu Walioizoea Penisilini

Mwaka 1955, siku chache baada ya kumzika ndugu yangu, nilipanda basi la Kisii nikiwa bado na kichwa kilichonyolewa kwa msiba. Nyuma yangu Ratemo, dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, alikuwa amepakata kasha la sahani za vioo. Alikuwa akimweleza Kaltuma, mama mwenye duka mjini, kwamba humo hukuzwa wadudu wa damu ya wagonjwa, kisha penisilini huwekwa katikati.

"Zamani walikufa mpaka ukingoni mwa sahani, mama. Mwaka huu wengi wanaota tu kando ya dawa. Wameizoea."

"Kama shemeji yangu Gulled," Kaltuma akasema. "Ukimfokea mara ya kwanza, anakimbia. Mara ya tatu anaomba chai."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Na wadudu wa mume wangu, mliyemlaza kwenu?" Kaltuma akauliza.

"Wa mzee Dahir ndio wakaidi kabisa."

"Basi mpeni dawa nyingine."

"Iko mpya, lakini daktari ameifungia kabatini. Tukiigawa ovyo, wataizoea hiyo nayo."

"Mnamtunzia nani? Mgeni?"

"Atakayekuja akiwa hana dawa nyingine ya kumponya."

"Ameshakuja! Yuko kitanda cha dirishani, anatetemeka!"

Nakijua kitanda hicho. Ndugu yangu alilala hapo hapo.

Basi likasimama hospitalini. Ratemo aliweka kasha kitini, akainama kuokota kofia yake iliyoanguka. Kaltuma akabeba kasha, akatangulia kushuka.

"Mama, sahani zangu!"

"Njoo uzichukue, baba. Nitakuwa pale penye kabati la dawa."